Kipande Kimoja cha Doti



Mhariri aliponiomba niandike juu ya mazungumzo na shughuli za utamaduni zinazofanywa katika majumba ya sanaa ya hapa London, nilimjibu kwamba amebisha mlango usio wake. Mimi ni mhandisi wa umeme. Nimetumia miaka thelathini na ushei katika mambo ya nyaya, transfoma na njia za reli, na shahada yangu niliyoisomea nchi hii haikuwa na hata somo moja la rangi. Akaniambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kunitaka mimi, kwa kuwa wajuzi wa sanaa wameshaandika na hakuna aliyewaelewa. Basi nimekubali, ila mjue kwamba mnasoma maoni ya mtu aliyeingilia mlango wa uani.

Na ni kweli niliingilia uani. Tate Modern ilipofunguliwa mwaka 2000 sikwenda kutazama picha, nilikwenda kutazama kituo cha kufua umeme. Jengo lile la Bankside, kando ya mto Thames, lilibuniwa na Giles Gilbert Scott, yule yule aliyebuni kile kibanda chekundu cha simu. Lilijengwa kwa awamu mbili baina ya mwaka 1947 na 1963, likawa likichoma mafuta na kuupa mji umeme mpaka lilipofungwa mwaka 1981. Bomba lake la moshi lina mita 99, kwa makusudi, lisije likalipita kuba la kanisa la St Paul's ng'ambo ya mto. Mitambo ilipotolewa ukabaki ukumbi mtupu wenye urefu wa zaidi ya mita 150 na kimo cha mita 35. Nilisimama pale nikitafuta kwa macho mahali transfoma zilipokuwa. Mke wangu alikuwa ameshapanda ghorofani kwenye picha, akarudi kunitafuta akidhani nimepotea.

Siku hiyo palikuwa na mtu akizungumza mbele ya kundi dogo, nikasogea kusikiliza kwa sababu ya kupumzisha miguu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhudhuria. Sisemi ni mjuzi, bali ni mzoefu, kama yule mzee anayekaa barazani kila jioni bila kucheza bao, lakini anajua nani anacheza vibaya.

Nianze na sifa, maana lawama ziko njiani. Jumba la Whitechapel, kule mashariki ya London ambako wengi wetu tulipangia vyumba tulipofika, lilifunguliwa mwaka 1901 kwa nia ya kuwapelekea sanaa watu wa mtaa wa kimaskini. Mwaka 1939 ililetwa hapo ile picha kubwa ya Picasso iitwayo Guernica, inayoonyesha maafa ya mji uliopigwa mabomu katika vita vya Hispania, na watu waliombwa walete jozi za viatu zipelekwe kwa wapiganaji kule. Nalipenda jambo hili kila nikilikumbuka. Mfanyakazi wa bandarini aliyekuja na viatu vyake mkononi hakuhitaji kuelezwa kwamba picha ile inamhusu. Ameshaingia ndani ya habari kabla hajafika ukutani.

Halafu ilikuwako Africa Centre, nambari 38 King Street, pale Covent Garden. Ilifunguliwa mwaka 1964 na Kenneth Kaunda, mwaka ule ule Zambia ilipopata uhuru. Wasomaji wa rika langu wanaijua: maonyesho ya picha na vinyago, duka la vitabu, muziki wa mwisho wa wiki, na mkahawa wa Calabash chini ambako mwanafunzi alihesabu senti zake mara mbili kabla ya kuagiza. Nilifika mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa sina nauli ya kwenda kokote kwingine. Mazungumzo ya pale hayakuwa na adabu ya kizungu. Mtu alikatizwa, akajibu, akakatizwa tena. Mzee kutoka Ghana angemwambia mwandishi usoni kwamba kitabu chake hakijui kijiji, na mwandishi angekasirika, na wote wawili wangeonekana baadaye meza moja. Mlinzi alizima taa ndipo tukatoka, na ubishi ukaendelea hadi kituo cha treni. Jengo lile liliuzwa, pamoja na makelele mengi ya watu waliotaka libaki, na taasisi ikaja kupata makao mapya Great Suffolk Street, Southwark, yaliyofunguliwa mwaka 2022. Nimekwenda. Ni pazuri, pana mwanga. Ubishi nao haujengwi na mkandarasi, kwa hiyo nawapa muda.

Sasa nije kwenye mazungumzo ya siku hizi yalivyo. Viti vitatu mbele, mtungi wa maji, kipaza sauti. Mwongozaji anatumia robo saa kusoma wasifu wa wageni, ambao tumeshausoma kwenye karatasi tuliyopewa mlangoni. Wageni wanasifiana. Kisha inaanza ile lugha. Sitaiga maneno yake, lakini mnaijua: sentensi inayoanza huku na kuishia kule, na katikati yake hakuna mtu, hakuna kitu, hakuna mahali, pana mawazo tu yanayogongana. Zikibaki dakika kumi tunaambiwa tuulize maswali. Mtu wa kwanza anauliza swali ambalo si swali, ni hotuba yake mwenyewe aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Wa pili vivyo hivyo. Muda umekwisha, makofi, na divai iko nje kwa wanaokunywa.

Wenzangu wa kazi wataelewa nikisema hivi. Umeme ukisafirishwa mbali hupotea njiani kwa joto la waya, na dawa yake ni kuupandisha nguvu: volti laki moja, laki mbili, laki nne. Hivyo ndivyo wanavyofanya wasomi wakizungumza wao kwa wao, na siwalaumu, kwani kila fani ina lugha yake ya masafa marefu. Lakini hakuna mhandisi anayeingiza volti laki nne jikoni kwa mtu. Mwisho wa njia lazima iwepo transfoma ya mtaani, ile ya juu ya nguzo, inayoushusha umeme hadi 230 ili mama apige pasi. Mazungumzo ya hadhara ndiyo ile nguzo. Yamewekwa kwa ajili ya watu wa mtaani, na mara nyingi nguzo ipo ila transfoma haipo.

Mfano wa mahali ambapo kitu chenyewe kilishinda maneno: El Anatsui, msanii wa Ghana aliyefanya kazi yake kubwa Nigeria, alitundika kazi zake katika ukumbi ule wa mitambo wa Tate Modern kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024. Ni vifuniko vya chupa za pombe, maelfu kwa maelfu, vimebanjuliwa na kushonwa kwa waya wa shaba mpaka vikawa mapazia makubwa kama matanga. Pombe ile ina historia: sukari ya mashamba ya watumwa, chupa zilizobadilishwa kwa binadamu, meli. Nilikwenda mara tatu. Mara ya pili nilikaa sakafuni karibu na baba mmoja na mwanawe mdogo, na mtoto akauliza, "Mbona haianguki?" Niliwaelezea mambo ya uzito na nyaya za kuning'iniza, na baba akanielezea mimi habari za vifuniko, kwa kuwa yeye aliwahi kufanya kazi ya baa. Tulizungumza kama dakika ishirini. Hayo ndiyo mazungumzo bora niliyoyapata katika jumba lolote la sanaa mwaka ule, na hayakuwa kwenye ratiba.

Lakini jambo lililonifanya nikubali kuandika ni jingine. Sitalitaja jumba lenyewe, kwa sababu waliokuwapo wanalijua na wasiokuwapo haitawasaidia. Paliandaliwa mchana wa mazungumzo juu ya nguo za Afrika Mashariki, na jumuiya yetu ikaalikwa. Tulikwenda watu watano. Ukutani, ndani ya kioo, palikuwa na kanga nzuri ya zamani, nyekundu na nyeusi kwenye weupe, jina lake MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Maelezo ya pembeni yalisema kwamba hii ni methali ya asili inayofundisha unyenyekevu mbele ya elimu.

Nilisoma, nikacheka kidogo, nikaenda kutafuta kiti. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Miongoni mwetu alikuwako bi mkubwa mmoja wa Mombasa, amepita miaka sabini, anaishi na mwanawe huku, na Kiingereza chake ni cha dukani. Wakati wa maswali aliinua mkono. Akaniambia nisimame naye nitafsiri. Akasema, na nitaandika kadiri ninavyokumbuka, kwamba kanga ile haifundishi elimu. Kanga ile ni ya kumvalia mtu. Mwanamke huivaa akijua kuna mwenzake anayedhani amempata mume, au amempata shoga, au amejua siri, na hakujua lolote. Hasemi neno. Anapita mbele ya mlango, anasalimia vizuri, na akishageuka ndipo jina linasomeka, kwa sababu liko chini, nyuma, kwenye mapaja. Kwa hiyo ukiitundika ukutani kama ramani umeshaifunga mdomo. Akasema tena kwamba kanga huuzwa doti, vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda, na hapa anaona kimoja. Cha pili kiko wapi? Kilichanwa kikawa mbeleko ya mtoto? Alipewa nani? Kanga ikitengana na mwenzake, kuna habari. Na akaeleza namna mama yake alivyompa kipande kimoja siku anaolewa, akabaki na kimoja mwenyewe, na walipomzika mama kile kipande kilikuwako.

Alizungumza dakika nne au tano. Ukumbi ulikuwa kimya, hata wasiojua lugha walijua panasemwa jambo. Nami nikageuka nikasema kwa Kiingereza: bibi huyu anasema kwamba maandishi ya kanga hutumika kupelekeana ujumbe baina ya wanawake, na kwamba kanga huuzwa kwa jozi.

Mwongozaji akatabasamu, akasema anashukuru sana kwa mchango huo, akampa nafasi mtu mwingine.

Bi mkubwa alinivuta mkono kabla sijakaa. "Mwanangu, mimi nimesema mengi, mbona wewe umesema machache?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Niwie radhi mama, muda ulikuwa mdogo," na muda kweli ulikuwa mdogo, lakini siyo sababu. Sababu ni kwamba niliona haya. Niliona haya kusema habari za mapaja na wake wenza mbele ya watu wenye miwani, nikachukua maneno yaliyo hai nikayafanya maelezo ya ukutani. Mimi niliyeandika hapo juu habari za transfoma ndiye niliyekata waya.

Kwa hiyo ninapowakosoa wenye majumba ninajua ninajikosoa na mimi. Ila lawama si sawa kwa sawa. Wao wana bajeti na wana mwaka mzima wa kujitayarisha. Kanga si kitu kigeni kwa nchi hizi: viwanda vya Uholanzi, Uingereza, Uhindi na Japani vimechapa kanga kwa soko la pwani miaka na miaka, kabla ya Urafiki kuanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, wenye zile kanga zilizoandikwa "Mali ya Abdulla", wako katika biashara hiyo tangu karne ya kumi na tisa. Majina yenyewe zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi. Mtu akitaka kujua maana ya jina la kanga hana haja ya mtafiti, angempigia simu mwanamke yeyote wa pwani aliyepita miaka hamsini. Wako katika mji huu, na mmoja wao pengine ndiye anayesafisha ofisi zao alfajiri.

Linganisheni na kazi ya Lubaina Himid. Amezaliwa Unguja mwaka 1954, akaletwa Uingereza na mama yake akiwa mchanga baada ya baba kufariki, na mwaka 2017 akapata tuzo ya Turner. Mara nyingi huchukua umbo la kanga, yaani pindo, mji na maneno chini, akalifanya picha. Katika maonyesho yake ya Tate Modern yaliyoanza Novemba 2021 palikuwa na vitambaa vikubwa vimening'inizwa, vimeandikwa maswali kwa Kiingereza. Nakiri sikuvipenda mwanzo. Nilimwambia mke wangu kwamba hii si kanga, kanga haiulizi, kanga hupiga, tena humpiga mtu maalumu. Hapa anapigwa nani? Akanijibu, "Wewe uliyesimama unasoma." Nikanyamaza. Tangu siku hiyo naona kwamba yule mama hakuleta methali ukutani, alileta tendo la kanga, yaani kumsimamisha mtu na kumwacha ajishuku. Ndiyo tofauti baina ya anayejua kanga ni kitu gani na anayejua tu imetengenezwa na nini. Himid, kwa taarifa, kabla ya kujulikana hivi alikuwa mwandaaji: mwaka 1983 aliandaa maonyesho ya wanawake watano Weusi pale pale Africa Centre, na mwaka 1985 mengine ICA. Alichaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2026. Wangapi miongoni mwetu tulikwenda kumsikiliza? Wazanzibari mnaosoma hapa, nawauliza ninyi.

Na Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi, alipofanya maonyesho yake Royal Academy mwaka 2021, alitumia sehemu ya nafasi yake kuwaonyesha wengine: Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Sane Wadu, Meek Gichugu na wengine wa Afrika Mashariki, na sehemu hiyo ikaitwa kwa Kiswahili, Mwili, Akili na Roho. Armitage hachori juu ya turubai bali juu ya lubugo, gome la mti la Waganda, lenye matundu na mishono yake, naye haifichi mishono hiyo. Nilifika pale kwa ajili ya Njau. Ni mtu wa Marangu, na michoro yake ya ukutani katika kanisa kuu la Murang'a tuliiona vitabuni shuleni. Yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965, jumba ambalo halikuwa la kutundika picha tu. Palisomwa mashairi, paliigizwa, palibishaniwa. Liliungua mwaka 1997, zikateketea kazi nyingi mno, na shughuli zikaanzishwa upya juu ya majivu. Nayasema haya kwa vijana wetu wanaodhani kwamba mazungumzo katika jumba la sanaa ni desturi ya Ulaya tunayoigiza. Tulikuwa nayo.

Nimesema lawama ziko njiani, na sasa zimetufikia sisi wenyewe. Tulikuwa watano siku ile ya kanga. Wiki mbili kabla, kwenye harusi kule Barking, sikupata mahali pa kuegesha gari. Kiingilio cha mazungumzo kilikuwa bure, na tulitangaziwa mwezi mzima. Nilipouliza niliambiwa mambo ya wazungu hayo, wanatuita ili tuonekane kwenye picha zao. Pengine ni kweli. Lakini mtu akikualika ili uwe pambo, nenda ukawe sauti. Bi mkubwa alikwenda, na laiti mkalimani wake angekuwa mtu wa maana, ukumbi ule ungetoka umebadilika.

Sasa jumba jingine limetupa ukumbi Jumamosi moja mchana, saa tatu nzima, tufanye tupendavyo. Katika mkutano wa kamati tumegawanyika. Kundi moja linataka pilau, taarabu na maonyesho ya mavazi. Mimi sina ugomvi na pilau. Ila nimependekeza saa moja kati ya hizo tatu akina mama walete kanga zao wenyewe, doti kamili au vipande vilivyobaki, wasimame na waseme kila moja ilinunuliwa lini na ilimvaliwa nani. Kwa Kiswahili. Mkalimani awe msichana mmoja wa hapa hapa, ana miaka kumi na tisa na hana haya hata kidogo. Mwenyekiti anaogopa kwamba wengine watatajana majina. Nimemwambia waliotajwa wengi wameshafariki, na waliobaki watakuja kusikiliza kama wametajwa, kwa hiyo ukumbi utajaa.

Kuhusu ile kanga ya kwenye kioo, niliandika barua kuwaeleza wenyewe maana ya jina, safari hii bila kupunguza chochote, mapaja na yote, na nikauliza kipande cha pili kiko wapi. Sijajibiwa. Bi mkubwa amenipigia simu mara mbili kuulizia. Ya mwisho ilikuwa Ijumaa iliyopita. Alitaka pia kujua kama niliandika habari ya kipande alichozikwa nacho mama yake. Nilimwambia ndiyo. Akasema nimsomee.